Kipimo Chako cha Kulala

Mpendwa Papa Neema,

Kaka yako mkubwa, Yaya Ukumu, yuko nje ya dirisha hili ninapokuandikia. Amefika tangu jana kutoka Mahagi pamoja na baba zako wadogo wawili. Wamekalia viti vyetu vya plastiki, na mmoja wao ananoa panga kwenye lile jiwe ninalofulia nguo. Wananingoja mimi. Wamenipa kamba ya katani na kuniambia niingie chumbani, niilaze kitandani kwa urefu wako, nifunge fundo, kisha niwarudishie. Nimejifungia kwa komeo. Kamba iko mapajani, na badala ya kupima nimechukua kalamu ya Neema.

Unajua wanachotaka, maana ni desturi ya kwenu, si ya kwetu Butembo. Mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavikwa nguo zake, ukazikwa kwa jina lake. Kipimo kinatoka kwa mke, kwa sababu si kipimo cha kusimama, ni cha kulala, na hicho hakuna mwingine anayekijua. Mgomba umeshachaguliwa, ule ulio karibu na ukuta wa jirani. Kesho asubuhi wanauzika.

Ulitoka asubuhi kwenda ziwani kuchukua samaki wa chumvi, kama kila wiki. Ulipofika Bogoro ulinipigia simu, ukasema mvua imekukamata na kwamba niweke maharage motoni mapema. Baada ya Bogoro hakuna aliyekuona. Pikipiki haikuonekana, wala kofia yako, wala mtu aliyesema ameona chochote. Mahindi ya majirani yamevunwa, yakapandwa tena. Nikipiga namba yako, yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa Kifaransa kwa upole mwingi, na siku hizi nimeanza kumchukia.

Wakati panga linanolewa, mimi nawaza filamu zetu za Kikorea. Ungenicheka.

Unakumbuka zilivyoingia nyumbani? Neema alizileta kwenye flashi kutoka shuleni, akazificha, wewe ukazikuta ukitafuta mechi ya mpira kwenye televisheni. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chako ni cha kizuizi cha barabarani, bonjour chef na basi. Kwa hiyo ikawa kazi yangu kusoma na kukugeuzia kwa Kiswahili. Filamu zako za zamani, zile za bunduki na magari, zilinishinda kabisa. Watu walipiga kelele, maneno yakapita kabla sijafungua mdomo, ukaniuliza kila saa, "Anasema nini? Anasema nini?" mpaka nikakurushia mto.

Lakini za Wakorea! Mwanamume anasema neno moja, kisha anaangalia dirisha. Birika linachemka mpaka lichemke kweli. Mwanamke anavua viatu, anavipanga, anakaa. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusoma, kugeuza, kunywa chai, na kukutazama. Sauti yangu ikawa sauti ya wasichana wote wa Korea, na ya wavulana wao pia, na ya nyanya zao. Wewe ulilalamika filamu nzima na hukutoka kwenye kiti.

"Huyu kijana amushike mukono, bas! Iko anangoja nini?"

"Iko na haya," nikakujibu.

"Haya gani ya masaa mbili?"

Ila siku moja, tulipokuwa tukimtazama mwanamke mmoja akimenya matunda bila kusema lolote, ulisema, "Hawa batu iko na wakati. Ona. Hakuna mutu anakimbia." Ndipo nilipoelewa kwa nini tulizipenda. Sisi tumekimbia vya kutosha, Papa Neema. Tumekimbia na watoto mgongoni na sufuria kichwani, tumekimbia vita kutoka Iga Barrière na ugali ukiwa bado motoni. Hapa kwetu jambo likitokea, limekwisha kutokea kabla hujageuza shingo. Kule mtu anapewa saa nzima ya kumpenda mwenzake na saa nyingine ya kumpoteza, na anaona kila hatua. Nilikuwa nawaonea wivu hata kwa vilio vyao.

Na daima kulikuwa na jambo moja lisilo la dunia hii. Katika ile niliyoipenda kuliko zote, mwanamke anauza supu kando ya reli, na mwanamume anakuja kila jioni ya mvua. Anakula, anashukuru, anaondoka. Hakuna lingine. Ni wewe uliyeona kabla yangu. Ulisogea mpaka pua ikakaribia kioo, ukasema kwa sauti ndogo, "Ona koti yake. Mvua iko inanyesha, lakini koti ni kavu." Nywele zilinisimama. Alikuwa mfu, maskini, na hakujua. Aliendelea kuja kwa sababu kijijini mama yake alikuwa bado anamtandikia godoro. Siku mama alipochoka, akalikunja na kulifunga kwa kamba, mwanamume yule aliacha kijiko katikati ya supu na hakuwepo tena. Kijiko kikabaki ndani ya bakuli.

Nililia sana. Wewe ulisema una vumbi machoni, na tulikuwa katikati ya masika.

Sasa unaona kwa nini siwezi kupima kamba hii. Najua ilikuwa filamu. Mimi si mtoto, nasali Kikatoliki siku hizi kwa ajili yako na naimba kwa sauti. Lakini upande wako wa kitanda nimeutandika kila siku tangu uondoke, na wanachoniomba ni kuukunja.

Kuna jambo linaloniogopesha zaidi ya mazishi yenyewe. Baba yako mdogo mmoja alinieleza jana, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. "Mutu tulishazika na mugomba, akirudia, asipite ku mulango. Na akiita, hakuna mutu wa kuitika. Ata bibi yake. Ata mutoto. Ile si yeye tena." Nikamuuliza, na kama ni yeye? Akanitazama kwa huruma, akasema hapo ndipo watu huwa wanakosea.

Usimkasirikie Yaya Ukumu. Nilimkasirikia mimi, nikamwambia anataka kuniondoa kwenye nyumba yangu. Aliinamisha kichwa. "Mama Neema, siye hatukuya kukufukuza. Hii nyumba ni yako. Lakini mutoto wangu wa mwisho iko mugonjwa. Iko anamuona Papa Neema ku ndoto kila siku, amesimama inje, amelowana, iko anamuita. Mutoto anasema anataka kumufata." Kisha akalia mbele yangu, mtu mzima yule, akijipangusa kwa kofia. Mtoto mwenyewe nimemwona kwenye simu, amebaki macho tu. Ningekuwa na moyo gani wa kukataa? Wakati huohuo, ningekuwa na moyo gani wa kukubali?

Anagonga sasa. "Mama Neema, jua inaenda."

Nimemwambia asubiri kidogo.

Sikukuambia kamwe nilivyoiwaza ile filamu ya mwisho tuliyotazama, wiki moja kabla ya safari yako. Ile ya mlinzi wa mto wa wafu anayekuja kumchukua kijana, na mchumba wake anampa mlinzi jina lake mwenyewe badala ya la kijana. Mlinzi hauangalii uso, anaangalia jina. Kijana anaamka asubuhi mzima, anapika chai ya watu wawili, na hajui kwa nini. Ulinuna. "Mwanamuke gani anaweza fanya ile?" uliniuliza. Nikasema, wa filamu tu. Ukasema afadhali, ukaenda kufunga mlango.

Nimeilaza kamba kitandani. Nimelala juu yake.

Wewe na mimi hatupishani sana, unajua walivyokutania kwenye harusi yetu. Nakufika sikioni. Nimeweka ncha kwenye utosi wangu, nikanyoosha miguu, nikakaa hivyo kidogo nikiangalia dari, mahali pale maji yalipoacha doa. Halafu nimeinama nikafunga fundo kwenye kisigino changu. Halikukaza, ikabidi nilifunge mara ya pili. Sasa nawapelekea.

*

Nimerudi.

Yaya Ukumu aliipokea kamba kwa mikono miwili, akainyoosha, akaitazama zaidi ya nilivyopenda. "Papa Neema alikuwa mufupi hivi?"

"Ni mimi nilikuwa nalala naye," nikamjibu.

Baba mdogo akamgusa bega. "Kipimo ni ya bibi. Kata."

Wakakata. Sikujua mgomba unatoa maji mengi kiasi kile. Waliuosha, wakauvika shati lako la bluu la sikukuu na suruali ile niliyoipunguza miguu mwaka jana, na hapo baba zako wadogo wakatazamana, maana suruali iliuzidi mgomba ikaburuzika chini. Waliuingiza ndani, wakaondoa televisheni kwenye meza, wakaulaza sebuleni juu ya mkeka na kuufunika kitenge changu. Wanawake wa jumuiya walikuja wakaanza nyimbo. Katekista aliomba haraka, akasema ana mgonjwa mahali.

Saa ile wote walipotoka kula, nilibaki peke yangu na mgomba. Nilitaka kuhakikisha, Papa Neema, ndiyo maana. Nilijilaza kandokando yake kwenye mkeka. Kichwa kwa kichwa, kisigino kwa kisigino, bila tofauti hata ya ukucha. Mgomba ulikuwa wa baridi, na ile baridi ilinipanda upande mzima wa kulia, na mpaka sasa ninapoandika haijashuka. Neema alifungua mlango. Aliita, "Mama?" akatazama sebule yote, akaita tena, akafunga mlango akaenda kunitafuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa hapo mbele yake. Nilikuwa nimemjibu.

Labda giza la mapazia. Nimejiambia hivyo na nitaendelea kujiambia hivyo.

Ujumbe umekuja kutoka Mahagi kwamba mtoto wa Yaya Ukumu ameomba uji, akaunywa, akalala bila ndoto. Watu wanashangilia huko nje, wanasema ardhi imepokea kabla hata ya kuchimbwa. Nami nimefurahi, si uongo. Sijui tu imepokea nini.

Kesho watatupa udongo na kusema jina lako, na mimi nitatupa wa kwanza kama inavyotakiwa. Usikie lakini usiamini. Kama uko mahali fulani ng'ambo ya ziwa, mgonjwa, umefungwa, umesahau njia, hujazikwa. Pita mlangoni kama mwenye nyumba. Ita kwa sauti. Neema nimemfundisha jioni hii kwamba akisikia sauti ya baba yake aitike, hata wazee wakikataza, hata watu wote wakimshika mdomo.

Nimemfundisha yeye kwa sababu sina hakika kama mimi utanisikia.

Mke wako anayekupenda,
Mama Neema