Cheti cha Bwana Thoya

Jumatatu, 9 Oktoba 1944

Jua kali, unga wa kupimiwa umekwisha tena, na mimi nina mayai saba! Barua tano zimefika Changamwe kwa mpigo kutoka kwa vijana wetu walio vitani huko Bama. Kila barua yai moja. Zile mbili ndefu, mawili mawili. Ndiyo bei yangu tangu vita vianze. Watu wanasimama mbele ya kibaraza changu, mimi nasoma kwa sauti, wao wanalia, wanacheka, kisha wananipa yai.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme: huwa naongeza. Askari akisahau kumsalimia shangazi yake, namsalimia mimi. Shangazi kasimama juani saa nzima, arudi mikono mitupu? Haiwezekani! Tsuma mume wangu anasema ipo siku ulimi utaniponza. Mayai lakini anayala.

Mama Nyamvula wa nyumba ya pili alisimama hadi barua ya mwisho. Yake haikuwamo. Karisa, mwanawe wa pekee, hajaandika tangu Machi. Alitaka kunipa yai vivyo hivyo, kwa ajili ya kusikiliza za wenzake. Nilikataa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tumepata mgeni! Kaptura ya kaki imenyooshwa pasi hadi inakata, soksi ndefu, na ananukia sabuni ya manukato — wakati huu wa vita! Bwana Thoya. Ati kwao ni Kaloleni. Anakusanya vitu vya kuwasaidia askari wa Pwani waliojeruhiwa, wamelazwa hospitali ya kisiwani, ng'ambo ya maji. Pesa hataki, anasema. Blanketi, leso, mahindi, kuku, chochote chenye baraka. Akatoa cheti: karatasi ya Kiingereza, muhuri mwekundu, na taji la Kingi wa Uingereza juu yake. Akauliza kama tunaye msomaji. Watu wote wakanigeukia: “Jumwa!”

Sasa. Kiswahili nasoma kama nakunywa maji. Wamisheni wa Ribe walinifundisha vizuri. Kiingereza changu ni cha jikoni kwa memsabu wa Kizungu: sosi, pleti, hariapu. Kwenye cheti hapakuwa na sosi. Lakini wanawake kumi na watano wananingoja! Ningesema nini? Nikakohoa. Nikasoma kwamba Serikali inawaomba akina mama wa Changamwe, tena inawashukuru mno. Vigelegele! Ikaninogea.

Mama Nyamvula alikuwa mbele kabisa, ananitazama mdomoni. Nikateremsha kidole hadi chini ya karatasi, nikasema haya ndiyo majina ya waliolazwa. La tatu likanitoka: Karisa wa Changamwe, anaendelea vizuri.

Sijui limenitokaje. Mama Nyamvula alikaa chini mchangani, akacheka. Sijamsikia akicheka mwaka huu. Bwana Thoya aliniangalia kidogo, akatabasamu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Kibaraza changu kimekuwa ghala. Leso nane, kuku wanne, nusu gunia la mahindi. Mapenzi — yule mwenye mdomo, muuza mbaazi — kauliza mbona vitu havipitii kwa chifu au kanisani. Nikamwambia asiyesoma asibishane na karatasi. Watu wakamcheka. Nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Jumanne, 17 Oktoba

Bwana Thoya kaja na mkokoteni, kachukua vyote. Nilimwambia angengoja kesho, mchungaji anarudi kutoka Rabai, atuombee. Akasema majeruhi hawangoji maombi. Hospitali ambayo wiki jana ilikuwa kisiwani, leo anasema iko Nairobi. Nilidhani wamehamishwa.

Jumamosi atarudi kwa mara ya mwisho. Mama Nyamvula atatoa mbuzi wake! Yule jike mwenye mimba, ndiye maziwa ya mtaa mzima, aliyewekwa kwa ajili ya arusi ya Karisa. Nikamwambia, Mama, mbuzi ni mkubwa mno. Akanijibu: “Arusi bila bwana arusi ni ya nini, mwanangu? Kwanza apone.”

Cheti kaniachia nikawasomee na wanawake wa njia ya Miritini. Akasema mimi na yeye tunasomeana vizuri. Nilifurahi, mjinga mimi.

Alhamisi, 19 Oktoba

Naandika haraka, wino unadondoka.

Nilimpelekea cheti Gona, karani wa stesheni. Si kwamba nilishuku — hapana! Nilitaka anitamkie maneno mawili matatu ili Miritini niwatie kiwewe. Nikamdanganya ni karatasi ya mjomba. Gona akasoma. Akavua miwani, akacheka hadi akashika meza.

Ni leseni ya baisikeli. Ya mwaka 1939! Baisikeli nyeusi, ya mwanamume, haina taa. Pale nilipomsoma Karisa pameandikwa rangi.

Nikamweleza yote. Hakucheka tena. Akasema mkusanyaji wa kweli ana barua ya chifu na kijitabu cha risiti, tena ukimwambia arudi kesho hakasiriki. Leso siku hizi ni adimu. Huyu anaziuza sokoni kwa bei ya kuruka, ndiyo maana hataki pesa. Akaniambia niende kwa chifu. Chifu yuko Malindi hadi wiki ijayo, na mchungaji bado hajarudi kutoka Rabai. Gona mwenyewe Jumamosi yuko zamu hadi treni iondoke.

Mapenzi aliliona jambo hili kwa macho mawili tu, bila kusoma hata herufi. Na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Nyamvula mara tatu. Mara ya kwanza nikaazima chumvi. Mara ya pili nikarudisha chumvi. Mara ya tatu nilimkuta anamwosha mbuzi kwa sabuni, akiimba. Amenona uso, wallahi, kwa wiki moja! Anakula. Akanipa yai, lile nililokataa siku ile, akanifumba vidole juu yake. Akasema hili ni la Karisa.

Nikienda kusema ni mwizi, watauliza: na majina je? Na Karisa je? Mbuzi nitamwokoa, na Mama nimpotezee mwanawe.

Tsuma anasema ukweli huuma mara moja. Rahisi kwake, Jumamosi yuko Kilindini anapakua meli!

Nimewaza hivi: kesho nisome kwamba ukusanyaji umefungwa, Serikali imetosheka, mbuzi abaki nyumbani. Uongo mmoja mdogo wa kufunga mlango. Mama Nyamvula abaki na mbuzi wake na kicheko chake. Thoya naye ataenda zake — Miritini, kwa wanawake wengine, na msomaji mwingine mwenye kiburi.

Yai liko mezani. Siwezi kulila.

Jumamosi, 21 Oktoba

Amefika. Mkokoteni uko nje na watu wamejaa hadi barabarani, wa Miritini pia! Mapenzi kasimama pembeni, mikono kiunoni. Mama Nyamvula kavaa leso yake ya kanisani, mbuzi kafungwa utepe mwekundu shingoni.

Nilitoka na cheti mkononi. Thoya akanisogelea kama anayenisalimia, akaninong'oneza, anatabasamu: nikisoma jingine leo, atawauliza watu nani alisoma la kwanza. Sabuni yake imenipanda puani.

Nikawaambia watu wangoje kidogo, nimesahau miwani ndani.

Sijawahi kuwa na miwani.

Basi niko ndani, nimefunga mlango, naandika nimesimama. Leseni iko hapa karibu na yai. Rangi: nyeusi. Taa: haina. Nimeyajua hayo maneno sasa, naweza kuyasoma kweli, moja moja, Kiingereza chenyewe. Ndiyo ajabu yake. Leo ndipo naijua karatasi hii.

Thoya anawahimiza watu wapakie, jua linapanda. Mapenzi anamjibu hakipakiwi kitu Jumwa hajasoma. Mungu ambariki Mapenzi! Mbuzi analia.

Hodi. Ni Mama Nyamvula, yuko mlangoni, hagongi kwa nguvu.

Anasema: “Jumwa, mwanangu, kama miwani haionekani usijisumbue na yote. Njoo utusomee pale penye Karisa tu.”