Chungu Nilichokitua Mlangoni kwa Capitoline

Shangazi Nyanzala wa redio, salamu zangu zikufikie hata kama umri wako siujui, maana sauti yako ni ya binti ila ukali wako ni wa bibi kizee, basi nigawie akili kidogo, yangu imetoroka.

Mimi ni Didace wa hapa Katumba, majina yataje tu, aibu zote nimeshazizoea, shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu, lakini kwa kusema mbele za watu hakuna anayenizidi, kwa hiyo mjukuu wangu Gervais alipotaka kuoa nikachaguliwa mimi kwenda kumposea, tukasikia wenzetu wa upande wa binti wamemwandaa msemaji aliyekaa Kanada mpaka ngozi ikang'aa, atafungua mazungumzo kwa Kiingereza ili tuchekwe. Mke wa mwanangu, Emelyne, ambaye ni mwalimu, akasema, "Baba, hutaaibika. Tuanze na kitenzi kimoja tu, ask." Nikamwambia kinatosha, hata bibi harusi ni mmoja. Kumbe kina ndugu! Ask ni la kila siku, la kandambili, unaombea na unaulizia. Request limevaa viatu na limechana nywele, la ofisini. Beg linapiga magoti. Demand linagonga meza. "Sasa, Baba, mchumba tunamwomba kwa lipi?" Nikasema kwa hilo la meza, tumalize mapema. Akafunika uso kwa kitenge, akacheka.

Siku yenyewe nikatangulia asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya tumbaku, nasukuma baiskeli, chungu cha pombe ya mtama nimekifunga nyuma, nayatamka yale maneno taratibu, na Shangazi, sijui ni ukungu sijui ni uzee, yakawa yanatembea pembeni yangu kama ndama, nikasahau hata ninakokwenda. Mpira wa kufungia ukalegea. Nikasimama kwenye nyumba iliyokuwa karibu, nikatua chungu mlangoni nipumue, mdomo unaendelea wenyewe, I ask, I request, I beg. Mlango ukafunguka. Ni kwa Capitoline, mjane, mwanamke ambaye akicheka hata kuku wanageuka. Na huku kwetu mwanamume akitua chungu cha pombe mlangoni kwa mjane, hatuhesabu kwamba amechoka. Tunahesabu kwamba ameposa. Akaniangalia. Akaingia ndani, akatoka na mrija, akainama, akavuta kidogo, akafuta mdomo. "Imeiva," akasema, akarudi ndani. Mimi nikakaza mpira, nikaendelea na safari.

Mambo ya Gervais yalikwenda vizuri, yule wa Kanada akafungua kwa Kirundi chetu kitamu kama cha marehemu bibi yangu, Kiingereza changu chote kikabaki mdomoni kama pipi. Lakini mimi tangu hapo sipo. Nikipalilia mihogo naisikia ile "imeiva" inatoka ardhini, nikijilaza mchana naona mrija umeota majani na ndege wametua juu yake. Na juzi Nestori, mwana wa Capitoline, kanikuta dukani mbele za watu, zamani akiniita mzee Didace, safari hii kasema, "Shikamoo, baba. Mama anauliza kimya hiki ni cha nini." Sasa nikisema sikuomba, nitamwaibisha mama wa watu, tena nitamkosa, na kumkosa sitaki. Nikisema niliomba, nimemdanganya, maana nilikuwa nimechoka tu. Nikimuuliza Emelyne pale mlangoni nilitenda kitenzi kipi, anacheka mpaka machozi. Niambie wewe.

Didace, Katumba

*

Mzee Didace,

Pole kwa ndoto, lakini usinifanye mtoto. Njia nzima ya Katumba ina milango, mpira ukaona ulegee kwa Capitoline?

Haya, tuseme ulichoka. Basi hukutenda kitenzi chochote. Si ask, si request, si beg, na hilo la meza usilitaje tena. Ulitua mzigo. Lakini yeye je? Mama huyu anaijua mila. Posa ya Gervais kijiji kizima kilikuwa nayo mdomoni, kwa hiyo alijua fika chungu kile kinakwenda wapi. Na bado akaleta mrija. Aliyeomba ni yeye, mzee wangu! Mwanamke ameinama mbele yako mlangoni kwake, amekuomba bila neno hata moja, na wewe umejificha kwenye mihogo unachagua maneno ya kuombea. Wewe huna cha kuomba. Unasubiriwa ujibu.

Oga. Usitume mshenga, na utani wako uache nyumbani. Nenda kwake wanawe wakiwepo, umwambie: mama, siku ile nilikuwa nimechoka, leo sijachoka, nimekuja mwenyewe, na jibu langu ni ndiyo. Ukishasema hivyo unyamaze. Najua itakuuma.

Nilitaka nikuambie uende Jumapili baada ya ibada, ila muda huo huna. Uliruhusu majina, nami nimeyasoma yote hewani, la kwako na la kwake, na huko kwenu redio ziko wazi saa hizi. Kama hujavaa viatu, nenda pekupeku.