Kompyuta Iliyojua Macho Yangu

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Mlango wa kijani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, iwe ni nyumbani au kwenye foleni ya malori. Hujambo? Mgongo je, bado unalalamika? Wifi na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tunashukuru. Mama anakula na anagomba, na ukimsikia anagomba ujue ni mzima. Mimi nipo, ila kuna jambo, na nitalifikia. Usirukie mwisho, nakujua.

Najua umeshangaa kupata barua ya kalamu, tena yenye herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, wakati simu ninayo. Sababu zimo humu humu.

Pale dukani kwetu tunachapa, tunatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta ya mbele ni moja, na tunaitumia watatu: mimi, bosi, na mwenzangu tunayemwita Bi Muhuri kwa sababu muhuri wa duka haumtoki mkononi. Hakuna anayefunga chochote. Ukiinuka, mwenzako anakalia kiti kikiwa bado na joto lako na kuendelea ulipoachia.

Mwezi wa tatu nilitaka kuchapa picha za Mama zilizokuwa kwenye simu yangu. Nikafungua kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, nikaingia kwa akaunti yangu. Kikaniuliza kama kihifadhi nenosiri langu. Nikabonyeza ndiyo. Kikauliza tena kama kiunganishe simu na kompyuta ili nikute mambo yangu popote nilipo. Ndiyo. Kaka, unajua tulivyolelewa. Ukiulizwa kwa adabu namna ile, unajibuje hapana? Nilikijibu kama mgeni aliyeomba maji ya kunywa.

Sasa nikupe siri. Tangu mwaka jana macho yangu yanaingia giza pembeni. Katikati naona vizuri, hata yale maandishi madogo ya chini kwenye leseni nayasoma, lakini mteja akisimama kushoto kwangu simwoni mpaka akohoe. Sikumwambia mtu. Nani atamweka kazini mchapaji anayepoteza macho? Niliiuliza simu yangu tu, nimejifungia bafuni, maji yakitiririka kama vile na simu ina mdomo wa kusikika nje. Niliuliza, nikasoma, nikafunga. Nikadhani yameishia hapo.

Wiki kadhaa kompyuta ya duka ikawa inatuonyesha matangazo ya miwani na mikongojo. Bosi alinuna. Alidhani imemwona anazeeka.

Basi Jumanne iliyopita duka limejaa, Bi Muhuri anamtafutia mteja ukurasa wa matokeo ya mtihani. Akaandika herufi mbili tu, m na a. Kivinjari, kwa hamu yake ya kusaidia, kikamwekea orodha. Na Bi Muhuri, kwa mazoea ya kuwasomea wateja fomu, husoma kila kitu kwa sauti. Akasoma: "Macho kuingia giza pembeni. Macho yakipofuka utachapaje. Maradhi ya macho hurithiwa."

Akanigeukia. "Shoga, ni wewe?"

Nikajibu ndiyo. Nililia, Kaka, mbele ya wateja na picha zao za pasipoti.

Bosi akamwita fundi wa kompyuta, mama mmoja mfupi mwenye mkoba wa bisibisi, asiye na haraka. Akabonyeza mara tatu hivi, yote yakajipanga mbele yangu: kila ukurasa niliofungua tangu mwezi wa tatu, siku, saa na dakika. Akabonyeza tena, manenosiri yangu yakasimama wazi kabisa. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini sikujua kata yangu ni kile kisanduku. Mama aliyenizaa hajui niliogopa nini tarehe ishirini na mbili mwezi wa nne saa saba na dakika kumi mchana. Chenyewe kinajua.

Na la ajabu zaidi, hapakuwa na mwizi wala jasusi. Kilikuwa kinanisaidia tu, kama kilivyoomba, nami nilikiruhusu. Niliuliza kuhusu lile dirisha la faragha la kivinjari, lisilohifadhi ulikopita. Fundi akasema, "Hilo linaficha kwa atakayekalia kiti baada yako. Tovuti unazoingia bado zinakuona." Akatutenganisha, kila mtu na sehemu yake na nenosiri lake, akakata ule muungano na simu, akafuta. Nikamwuliza, yamefutika kweli? Akasema hapa ndiyo, kwingine hajui. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Bosi hakunifukuza. Alhamisi alinipa ruhusa nikaenda kliniki, na Bi Muhuri akanisindikiza akisoma vibao vyote vya njiani. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, na nimeshaanza kuyatia.

Halafu daktari akaniuliza ni nani mwingine katika familia. Hapo ndipo nilipomkumbuka Baba na vikombe. Unakumbuka alivyokuwa akivigonga mezani na kuvivunja, nasi tukamwita mzembe? Wewe ndiye uliyekuwa hodari wa kumwigiza. Kaka, Baba alikuwa havioni. Nilipomweleza Mama, akasema, "Na mimi nilivyomgombeza kwa vile vikombe."

Sasa nimefika. Mwaka jana ulikwangua kioo cha lori mara mbili, zote upande wa kushoto, ukasema nguzo ndiyo iliyokufuata. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sasa naogopa. Daktari amesema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na sisi tuliozaliwa na Baba sote tupimwe.

Najua unachowaza: leseni, na ile kazi inayolisha nyumba. Nami niliwaza hivyo hivyo. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua, na wewe una barabara iliyojaa watoto wa watu. Usiiulize simu, na hasa usikiulize kile kishikwambi cha kampuni kilicho mbele ya usukani wako. Nenda mwenyewe, ukae mbele ya daktari. Ndiyo maana nimetumia kalamu, habari hii ifike kwako peke yako. Na herufi ni kubwa ili usinipe kisingizio.

Nisalimie Wifi, na kitinda mimba wako mwambie shangazi anamdai busu. Mama anakuombea, Bi Muhuri pia anasalimu ingawa hakujui. Mungu akutangulie kwenye kila kona, kushoto na kulia.

Safari hii ninayeuliza ni mimi, tena kwa adabu zangu zote: utaenda kupimwa wiki hii? Unajua tulivyolelewa.

Mdogo wako akupendaye kwa macho yaliyobaki,
Yule uliyempa jina la Cherehani