Sekunde Mbili Nyuma ya Mumbua

Migwani,
14 Aprili

Kwa ndugu yangu mkubwa Mbuvi,

Tulimpoteza Mumbua Jumamosi tarehe 14 Machi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia Tulia. Leo ni siku ya thelathini na moja. Nimeanza na hilo ili tusizunguke, na sasa nakusalimu kama inavyofaa. Habari za huko Kibwezi? Shemeji na watoto hawajambo? Hapa Mama anakula kidogo, ila kifua kimetulia. Mimi niko.

Sikukupigia simu kwa sababu kwa simu wewe ndiwe mwalimu. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nasikia kanisa limekualika Jumapili uje kufundisha vijana habari za pikipiki, na mfano wako ni dada yetu. Siku ya mazishi ulisimama ukasema Mumbua alipenda raha kuliko maarifa, watu wakaitikia amina. Mama aliangalia viatu vyake. Huyo unayemsema aliendesha miaka saba, Migwani hadi Mwingi, bila kukwaruza hata kioo. Mimi, niliyejifunza peke yangu kwa kuingia mitaroni, nilianguka mara kumi na moja kabla ya kuja kwako.

Mafunzo yako ya pikipiki siyakatai. Zile wikendi sita zilinifundisha kutazama mbali, kugeuza kichwa kabla ya kona, na kuacha sekunde mbili kati yangu na aliyetangulia. Ulipopaza sauti "Mbele!" tulifinya breki ya mbele kwa vidole viwili, mara arobaini kwa siku, mpaka mkono ukawa unatii kabla ya akili. Lakini niliporudi nyumbani sikuweza tena kutembea tu na pikipiki. Mumbua anaimba ndani ya helmeti, mimi nahesabu. Alinicheka kwamba naendesha kama mtu aliye kwenye mtihani, akaniuliza kama tangu nitoke kwako nimewahi kuona vile vilima. Nikamwambia nitaviona nikifika. Akasema kufika ni dakika moja, njia ni arobaini.

Asubuhi ile tulikuwa tunaenda kwa shangazi Nduku. Yeye alitangulia, kioo cha helmeti kimefunuliwa, mwendo wa ishirini. Mimi nilikuwa mita kumi na moja nyuma, yaani zile sekunde zako mbili kamili. Lori la mchanga likatoka njia ya mtoni kinyumenyume, likaanza kuziba barabara. Mumbua aliliona kabla yangu. Alikuwa ameshaachilia mafuta, mguu mmoja unatafuta chini. Angesimama, Mbuvi. Nimerudi pale nikapima kwa hatua. Alikuwa na mita tisa, na tano zingemtosha.

Hili linalofuata sijamwambia mtu, hata polisi. Nilimpigia kelele, "Mbele!" Kwangu mimi niliyepita mikononi mwako, neno hilo ni breki. Kwake, kama kwa mtu yeyote wa hapa Migwani, ni pita, kuna nafasi. Akaniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Akafungua mafuta, na lori likamaliza kuziba.

Kwa hivyo ukisema raha ilimuua, unasema uongo, na mimi ndiye niliyekuacha uuseme.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anawasalimu, ingawa hajui nimekuandikia haya.

Jumapili nitasimama mbele ya Mama na mbele ya kanisa niyaeleze hivi hivi. Nataka kujua jambo moja kwako: utasimama kando yangu ukiri kwamba amri ile ilitoka kwako, au utaendelea na mfano wako? Haroun wa duka la nguo, aliyekuletea barua hii, anaondoka Kibwezi Ijumaa saa sita mchana. Usimpe maelezo, wala mstari wa Biblia. Mpe ndiyo au hapana. Akirudi mikono mitupu, nitahesabu ni hapana.

Ni mimi ndugu yako,
Nyamai