Tangi la Samaki Uliloliacha Tupu

Mpendwa Baba Zuhura,

Samaki yupo sebuleni, na yu hai. Nimeona nikuambie.

Unakumbuka siku uliyotupeleka Lindi, Zuhura akagoma kutoka ufukweni mpaka umuahidi samaki wa baharini? Tuliporudi Nachingwea ulikata vioo mwenyewe pale karakanani, ukavigandisha kwa gundi ya silikoni, ukaniambia, "Mke wangu, tutaweka bahari hapa ndani." Homa ikakuchukua kabla hujamimina hata kikombe cha maji.

Baada ya arobaini, mdogo wako alikuja akaligongagonga lile tangi. "Shemeji, hili linafaa kuwekea maandazi gengeni." Nusura nikubali. Zuhura akalikumbatia. Basi nikampigia kaka yangu wa Ruangwa, akaenda Lindi na pikapu yake, akaniletea madumu ya maji ya bahari, mchanga na mawe.

Maji yalipoingia nilipapasa kila kona. Hakuna iliyovuja. Nilikushukuru kwa sauti, peke yangu.

Nilidhani samaki anaingia siku hiyohiyo. Kumbe uchafu wake hugeuka sumu, na tangi jipya halina vijidudu vya kuimaliza. Lazima uvilee kwanza. Nikatupia kamba mmoja aoze humo ili vipate chakula, pampu ikizungusha maji, nami nikawa napima kwa dawa niliyoagiza Dar. Kipimo kikiwa kijani, sumu ipo. Kikiwa njano, imekwisha. Wiki zikapita, kijani tu. Mama yako akipita ananicheka, "Mkwe wangu, siku hizi unafuga maji?"

Zuhura naye akanibembeleza. "Mama, tumtie leo, hatakufa."

Nikakataa. Mtoto alikuwa ametoka kukuzika wewe. Sikutaka nimpe tena kitu cha kuzika.

Juzi kipimo kikawa njano. Nikarudia, njano. Jana kaka akamleta kwenye ndoo samaki mdogo wa rangi ya chungwa. Tulipomwachia akajificha nyuma ya jiwe, akatulia tuli. Mara umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Mimi na Zuhura tukawa tunachota maji kwa vikombe na kuyamwaga humohumo kutoka juu ili yapate hewa, tukipokezana, mkono ukafa ganzi, mpaka umeme ukarudi.

Leo asubuhi nikiwa jikoni nikasikia, "Mama! Anakula!" Tangu uondoke sikuwahi kumsikia mwanao akipaza sauti hivyo. Mama yako akaja mbio, akainama mbele ya kioo, akasema taratibu, "Kumbe kweli."

Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikacheka. Roho yangu ilikuwa juu tangu msibani, mume wangu. Leo imeshuka. Nimekula nikashiba, na mchana nimelala usingizi wa kweli.

Nawe lala. Huku hatujambo.

Mkeo,
Mama Zuhura