Televisheni Imelala

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu, Mheshimiwa, kaangalia katuni tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nayaandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuninyooshea kidole. Ana miaka miwili na miezi minne, anatembea mikono nyuma kama mkaguzi – ndiyo asili ya jina. Mimi nina magauni sita ya wasimamizi wa harusi, yote ya Jumamosi, yote yana bitana. Nikizima televisheni tu, anakuja kukanyaga pedali ya cherehani. Nikiwasha, nyumba inatulia. Basi nawasha.

Mama mkwe kapiga simu. Mjukuu wangu hamumwekei hayo matelevisheni, sivyo? Nikasema hapana mama, anacheza tu. Akauliza, na huyo anayeimba? Nikasema redio. Akasema redio yenu ina furaha sana.

Jumanne, 4 Machi

Sasa basi. Nimechukua kipande cha shuka la maua, nikakipiga pindo (siwezi kuacha kitambaa bila pindo hata nikiwa na hasira), nikaifunika televisheni. Nikamwambia imelala. Imefanya kazi sana, imechoka.

Nilijiandaa kwa kilio. Wapi! Kaweka kidole mdomoni, "shh", akaondoka ananyata. Nimejisikia mama wa mfano. Gauni moja na nusu.

Jumatano, 5 Machi

Njia ya mwongo fupi. Sasa haturuhusiwi kuongea sebuleni. Kaipelekea televisheni mto wake. Kisha kaketi mbele ya kile kitambaa karibu saa nzima, anangoja iamke. Kila baada ya muda ananigeukia: bado? Bado, mwanangu. Nami naendelea kushona.

Nimewaza, si bora angemwangalia yule kobe wake wa katuni anayeendesha baiskeli kuliko kuangalia shuka? Mume wangu anasema shuka angalau halina matangazo.

Alhamisi, 6 Machi

Zipu nimeitia kinyume. Nimefumua. Mheshimiwa alikuwa ananivuta sketi, mama tazama, mama tazama. Nikasema subiri namalizia hapa. Sijui nimelisema mara ngapi leo. Sijui hata alitaka nitazame nini.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu karudi mapema, maana walikokuwa wanavuta nyaya leo umeme wenyewe haukuwepo. Nikaingia sebuleni kuchukua mkasi. Mtu mzima, fundi umeme mwenye leseni, kachutama, kichwa chote ndani ya shuka la maua, anaangalia marudio ya mpira bila sauti!

Mheshimiwa alimkuta kabla yangu. Kavuta shati: baba, inalala. Baba mtu akasema anaipima tu kama ina homa. Nimecheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Tukazitafuta sakafuni wote watatu, kwa magoti, na Mheshimiwa akawa msimamizi. Dakika kumi hivi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wiki hii nimekaa naye sakafuni.

Magauni manne na nusu. Kesho saa nne bibi harusi anayafuata.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kasoro tano. Gauni la tano limekamilika, la sita limebaki pindo tu. Nilikwenda jikoni kunywa maji, nikarudi.

Televisheni iko wazi, nyeusi, wala Mheshimiwa hana habari nayo. Lile shuka la maua kalitandaza juu ya cherehani yangu, pamoja na gauni la watu lililo chini ya sindano. Mto kauweka kwenye pedali. Akaniambia pole pole, kama mimi ndiye mtoto: imelala, mama. Imechoka.

Imeniuma. Wiki nzima nimekuwa nagombana na televisheni, kumbe mwenzangu ana ugomvi na cherehani.

Kanishika kidole, kanikalisha chini. Kanipa daftari hili na kalamu ili nitulie, na yeye kajipandia mapajani na kikopo cha vifungo. Kila anachotoa ananionyesha. Mama, tazama. Cheupe. Tazama. Cheupe kingine.

Hodi. Ni bibi harusi, na sauti za wanawake wengine nyuma yake. Pindo halijapigwa. Mheshimiwa kaniwekea kidole mdomoni mwangu mimi. Shh.

Hodi ya pili. Kuna cha bluu hapa, kina matundu manne.