Leso ya Manjano

Kadzo mdogo wangu, bado unapumua? Mimi joto la Doha limenikausha kama ng'onda. Mjukuu anaandika, mimi nasema.

Binti yangu anamtunza ajuza wa Kihispania, zamani mwigizaji mashuhuri wa jukwaani na sinema. Siku hizi hamjui hata mwanawe. Jana nilimpelekea zawadi, leso ya manjano. Akapiga yowe! Binti akanitafsiria: "Mama, ifiche! Kwao manjano ni mkosi jukwaani." Mwana kamsahau, mwiko haujamtoka. Nilipoificha akasimama, akawainamia watazamaji wasiokuwepo. Nikampigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Kadzo, nami majina yananitoroka. Mungu akuweke, mjinga wewe. Nikirudi nisikutambue, usilie. Niite Kichwa Maboga kama utotoni, huenda nikageuka.

Dadako